Mrudishieni mzee ndizi zake, ila kwa kipimo

SWALI: Baba yangu ana miaka 61, anaishi Kibosho na mama. Mimi nafanya kazi Moshi mjini na napanda kuwaona kila wikiendi. Mwaka jana aligundulika ana kisukari aina ya pili pamoja na presha. Anatumia metfomini na glibenklamidi, na amlodipini kwa ajili ya presha. Tangu hapo ndugu wote wamempiga marufuku ndizi: mtori, machalari, kiburu, hakuna. Anapikiwa peke yake ugali wa dona, na asubuhi anakunywa uji wa ulezi usio na sukari. Hata hivyo akipimwa kabla ya kula asubuhi mashine inasoma 9 hadi 12. Amekuwa mkali, anasema bora afe ameshiba. Desemba inakaribia na ukoo mzima utapanda nyumbani. Je, ni kweli ndizi haifai kwa mwenye sukari? Na kuna jirani anauza unga wa mitishamba, anasema unamaliza tatizo kabisa. Tumpe?

JIBU: Dada, pole kwa kuuguza, na mfikishie mzee shikamoo yangu. Ukimsomea jibu hili anza na habari njema: ndizi arudishiwe. Habari isiyo njema ni kwamba ule ugali wa dona nao tutaukagua.

Ndizi ya kupika, ugali, wali, viazi, magimbi, chapati na uji vyote ni wanga, na wanga wote ukishameng'enywa unaingia kwenye damu kama sukari. Gramu 100 za ndizi zilizochemshwa zina wanga unaokaribiana na wa gramu 100 za wali. Dona inaizidi sembe kwa sababu imebaki na pumba na kiini chake, kwa hiyo ina nyuzinyuzi na vitamini zaidi. Lakini ni wanga bado. Ninachokiona mara nyingi ni hiki: mtu akishaambiwa dona ni nzuri kwa sukari, anaila kama dawa, mlima mzima, na kando yake kijiko kimoja cha mboga. Sukari haishuki, familia inatafuta mchawi, na ndizi zinazidi kusingiziwa.

Mambo ya kuangalia ni kiasi cha wanga kwenye mlo mmoja, jinsi ulivyolainishwa, na kilicholiwa pamoja nao. Tuvipitishe vyakula vya mzee hapo.

Mtori tunampa mzazi aliyetoka kujifungua. Kwa nini? Kwa sababu ndizi zimechemshwa mpaka zikalainika sana, zimepondwa kwa mwiko mpaka zikawa laini, na tumbo halipati kazi kubwa. Kile kinachoufanya umfae mzazi ndicho kinachoupa kasi kwenye damu ya baba yako. Tena mtori unakuja kwenye bakuli, wanga na nyama vimechanganyika, huwezi kuona kwa macho umekula ndizi ngapi. Akiutaka, mama apunguze ndizi kwenye sufuria, aongeze nyama isiyo na mafuta, asiponde zote, na bakuli liwe moja. Mboga ziwe pembeni, azile kwanza.

Machalari ni afadhali. Vipande vinabaki vipande, vinatafunwa, na unaweza kuvihesabu: ndizi mbili za ukubwa wa kati zinatosha kwa mlo, au tatu kama ni ndogo. Kiburu ndicho ningempigia kura, maana kuna maharage ndani. Maharage yana protini na nyuzinyuzi nyingi, na yanachelewesha wanga kuingia kwenye damu. Nina neno moja juu ya magadi ya kiburu, nitalirudia kwenye presha.

Ndizi mbivu ni jambo jingine. Ndizi inapoiva wanga wake unageuka sukari, ndiyo maana inakuwa tamu. Ndizi mbivu ndogo moja, ikiliwa kama tunda katikati ya milo, haina tatizo kwa wengi. Tatizo ni ile ya kushushia wali.

Uji wa ulezi ndio mnaoufikiria kuwa salama, na mimi ndio ninaoushuku zaidi. Ulezi wenyewe ni nafaka nzuri. Lakini ukisagwa laini, ukachemshwa na maji mengi, unakuwa wanga uliokwisha kusagwa kabla haujafika mdomoni. Kikombe kikubwa cha uji kwa tumbo tupu hupandisha sukari haraka hata kama hukutia kijiko cha sukari. Jaribuni wiki moja bila uji: yai la kuchemsha au maharage, kipande cha gimbi au kiazi kitamu kinacholingana na ngumi yake, nusu parachichi, na chai isiyo na sukari au kahawa chungu. Parachichi lina sukari kidogo sana, na Kilimanjaro hatulikosi. Namaanisha parachichi la kukata na kisu. Ile juisi ya parachichi ya mgahawani, yenye sukari na kumwagiwa sharubati juu, hiyo ni kitindamlo.

Kwa mchana na jioni, chukueni sahani ya kawaida, si lile sinia dogo ambalo wazee wengi wanaliita sahani. Nusu yake iwe mboga: mnafu, mchicha, figiri, sukuma wiki, kabichi, nyanya chungu. Robo iwe wanga, kiasi cha ngumi yake. Robo inayobaki iwe maharage, choroko, samaki, kuku, yai au nyama isiyo na mafuta. Aanze na mboga na maharage, wanga ufuate. Mpangilio huo peke yake hupunguza kasi ya sukari kupanda baada ya kula.

Sasa niseme kilichonisumbua kuliko vyote kwenye barua yako: "anapikiwa peke yake". Mzee amekaa mezani kwake, anasikia harufu ya machalari kutoka jikoni, na mbele yake kuna ugali wa adhabu. Hata mimi ningekuwa mkali. Na mama yako anawasha majiko mawili kila siku, atachoka. Chakula nilichokieleza hapo juu kinawafaa watu wote wa nyumba hiyo. Pikeni sufuria moja, mle wote. Na wewe, kwa kuwa mzazi wako ana kisukari aina ya pili, uwezekano wako wa kukipata uko juu kuliko wa mtu ambaye hana kwao. Ukimpeleka baba kliniki, toa kidole chako pia.

Najua swali ambalo mzee atalitoa: mbona baba yake alikula ndizi maisha yake yote na hakuugua? Ni swali zuri. Tafiti zilizofanywa katika vijiji vya Tanzania miaka ya 1980 zilikuta kisukari kwa chini ya mtu 1 kati ya watu wazima 100. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta karibu watu 9 kati ya 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Ndizi hazikubadilika katika muda huo. Babu alipanda na kushuka mteremko wa Kibosho kwa miguu, mgongoni kahawa au majani ya ng'ombe, mafuta ya kupikia yalikuwa ya kupimwa, na soda ilikuwa ya sikukuu. Leo bodaboda inakuchukua mlangoni na kukushusha mlangoni, chipsi zipo kila kona, na soda ni ya kila mgeni. Chupa ya mililita 350 ina sukari ya karibu vijiko 8 au 9 vya chai. Kabla hamjagusa ndizi, hiyo ndiyo ya kuondoa.

Kuhusu ile 9 hadi 12 ya asubuhi, msiitumie kumhukumu kwa chakula cha jioni. Usiku, mtu akiwa amelala, ini linaendelea kutoa sukari kwenye damu ili ubongo usikose chakula. Kwa mwenye kisukari aina ya pili ini hilo hutoa kupita kiasi. Metfomini hufanya kazi kubwa hapo. Kwa hiyo mtu anaweza kula vizuri jioni na bado aamke na 9, na pengine kinachohitajika ni daktari kuangalia upya dozi. Wala si dalili kwamba mzee anaiba chakula usiku, kama ndugu wanavyopenda kudhani.

Kipimo cha asubuhi pekee hakiwezi kukwambia ni chakula gani kinamsumbua. Stripu ni ghali, basi zitumieni kwa akili. Chagueni mlo mmoja, tuseme machalari ya mchana. Mpimeni kabla ya kula, kisha saa mbili tangu alipoanza kula, mwandike kwenye daftari pamoja na idadi ya ndizi. Siku nyingine fanyeni hivyo kwa ugali, siku nyingine kwa uji. Kwa watu wazima wengi tunalenga 4.4 hadi 7.2 kabla ya kula, na chini ya 10 saa mbili baadaye, ingawa daktari wake anaweza kumwekea lengo lake kulingana na umri na maradhi mengine. Daftari hilo litamaliza ubishi wa ndugu kuliko maneno yangu. Miili haifanani: wapo wanaokula ndizi mbili wakabaki kwenye 8, na wapo ambao wali kidogo tu unawapeleka 13. Kisha muombeni daktari kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi mitatu hivi iliyopita. Lengo la wengi ni chini ya asilimia 7.

Hujaniambia uzito wake. Kama ana kitambi, hapo ndipo penye matumaini makubwa. Huko Uingereza ulifanyika utafiti uitwao DiRECT kwa watu wenye kisukari aina ya pili kilichogunduliwa ndani ya miaka sita, ambao hawakuwa wanatumia insulini. Walipunguza uzito kwa chakula maalumu, wakiwa chini ya uangalizi. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2017 yalionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja karibu nusu yao, asilimia 46, sukari yao ilikuwa imetoka kwenye kiwango cha kisukari bila dawa. Kati ya waliopungua kilo 15 au zaidi ilikuwa asilimia 86. Mzee asijinyime chakula peke yake nyumbani kwa kuiga hilo, hasa akiwa kwenye glibenklamidi, nitaeleza sababu. Lakini ajue kwamba kupunguza hata kilo tano au sita kuna maana, kwa sukari na kwa presha pia. Kama ni mwembamba, puuzeni aya hii, na mwambieni daktari iwapo anazidi kukonda.

Presha nayo. Kipimo cha chumvi kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa mlima, ikiwamo ya kwenye sufuria. Ya mezani iondolewe kabisa. Vidonge vya supu na viungo vya pakiti vimejaa chumvi. Kitunguu saumu, tangawizi, ndimu, karoti na pilipili hoho vinatosha kuunga mboga. Na magadi: hayo ni chumvi ya sodiamu pia, ingawa ulimi hauyaiti chumvi. Mtu anaweza kuacha kijiko cha chumvi, kisha akakirudisha kwa njia ya magadi ya kiburu na makande. Baadhi ya magadi ya kwetu yana floraidi nyingi vilevile, na sisi wa mlima huu na wenzetu wa Meru tuna floraidi ya kutosha. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji yale, pika kwa moto wa taratibu. Yataiva.

Amlodipini wakati mwingine huvimbisha miguu. Ikitokea, aambiwe daktari, abadilishiwe. Asiiache kimyakimya.

Mazoezi sitayasemea sana, mzee wa Kibosho hahitaji kufundishwa kutembea. Tunalenga dakika 150 kwa wiki za kazi inayopandisha pumzi kidogo. Kukata majani, kupalilia kihamba, kushuka mtoni na kupanda, vyote vinahesabika. Kutembea dakika 10 au 15 baada ya kula kuna faida ya pekee, kwa sababu msuli unaofanya kazi unavuta sukari kutoka kwenye damu papo hapo. Jioni njia zina giza na utelezi, basi atembee uani, au chakula cha jioni kiliwe mapema jua likiwapo.

Hapa nataka mnisikilize vizuri, wewe na mama na kila atakayekuja Desemba. Glibenklamidi inasukuma kongosho litoe insulini, na inasukuma hata kama mtu hajala. Akiimeza kisha akachelewa kula, au akafanya kazi nzito shambani kwa tumbo tupu, au akanywa pombe bila chakula, sukari inaweza kushuka chini ya 4. Dalili zake ni kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla, hasira, kuongea hovyo, kuyumba. Soma tena orodha hiyo ukimfikiria mzee aliyeshika kata ya mbege saa tatu usiku. Watu watasema amelewa, watamlaza, na asubuhi hawatamwamsha. Pombe inalizuia ini kutoa ile sukari ya usiku niliyoieleza, kwa hiyo hatari inaweza kuja saa kadhaa baada ya kunywa.

Akionyesha dalili hizo, mpimeni. Kama mashine haipo karibu, mhesabuni kuwa ameshuka. Mpeni vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida. Hapo ndipo soda inapokuwa na kazi. Baada ya dakika 15 mpimeni tena, na ikiwa bado, rudieni. Akipata nafuu ale chakula. Kama hajitambui, msimtie kitu chochote mdomoni, mkimbizeni hospitali. Atembee na pipi au sukari mfukoni, hata akienda shambani tu. Na mkipunguza wanga kama nilivyoeleza, mjulisheni daktari mapema, maana dozi iliyokuwa ikipambana na mlima wa ugali inaweza kuwa kubwa mno kwa robo sahani ya ndizi. Hiyo ndiyo sababu sitaki ajifunge njaa mwenyewe.

Mbege, basi. Ni ndizi mbivu na ulezi, kwa hiyo ni wanga na pombe kwa pamoja. Ningependa asinywe. Lakini nawajua wazee wa kwetu, na kikao cha ukoo bila kata hakiitwi kikao. Akubaliane na ninyi kabla wageni hawajafika: glasi moja, akiwa ameshakula, apimwe kabla ya kulala, na awepo mtu mmoja asiyekunywa anayejua dalili nilizozitaja. Kwa chakula cha sikukuu, sheria ni wanga wa aina moja kwa mlo. Pilau, ndizi, chapati na viazi vikija pamoja, achague kimoja, ngumi moja. Nyama ya mbuzi ale, mafuta yaachwe pembeni, supu isiongezwe chumvi. Mpakulieni mboga kwanza kabla mezani hapajachangamka.

Unga wa jirani, hapana. Mmea kuwa wa asili hakuufanyi uwe salama, na unga usio na lebo huwezi kujua una nini, una kiasi gani, wala kama umechanganywa na vidonge vya hospitali vilivyosagwa. Ukishusha sukari kweli juu ya glibenklamidi, mtajikuta kwenye hatari ile ile niliyoieleza. Usiposhusha, hatari ni mzee kuamini amepona na kuacha dawa. Tuliyaona mwaka 2011, magari yalipopanga foleni kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba. Walikuwamo waliorudi na kutupa dawa zao za sukari na za virusi vya UKIMWI. Kama jirani anauza majani ya mlonge, mnunulieni ya kupika kama mboga, mzee ale na maharage, urafiki ubaki.

Miguu yake iangaliwe kila jioni, hadi kati ya vidole na chini ya unyayo. Kisukari hupunguza hisia, mtu anaweza kukanyaga mwiba asijue. Baridi ya Juni na Julai isimfanye aoteshe miguu kwenye moto wa jikoni, ataungua bila kusikia. Avae viatu vya kufunika, hata anapokwenda zizini. Macho yapimwe mara moja kwa mwaka.

Mkienda kliniki, Mawenzi au KCMC, ombeni kipimo cha figo, cha damu na cha protini kwenye mkojo. Figo zikiwa zimechoka, glibenklamidi inakaa mwilini muda mrefu zaidi na sukari inashuka kirahisi, dozi ya metfomini hupunguzwa au dawa husimamishwa, na potasiamu hujikusanya kwenye damu. Ndizi na parachichi vina potasiamu nyingi, na hata ile chumvi mbadala inayouzwa madukani kwa ajili ya wenye presha mara nyingi ni potasiamu. Hivyo kabla ya vipimo hivyo msinunue chumvi mbadala. Majibu ya figo yakitoka, niandikie namba zake, maana hayo niliyosema juu ya ndizi na parachichi huenda nikalazimika kuyapunguza.